Anza na Kabati: Ushauri kwa Mkusanyaji wa Santuri za Piano Pwani ya Kusini

Ukitaka kukusanya santuri za zamani za jazz ya piano, na makazi yako ni Ukunda, Msambweni au Kwale mjini, usianze kwa kutafuta santuri. Anza na kabati. Ushauri huu huwaudhi vijana wanaonijia, maana wao wanataka majina: nani alipiga, lebo ipi, bei gani. Majina tutayafikia, na mengine yatawashangaza. Lakini santuri iliyokaa salama miaka 60 kwenye ghorofa kavu ya London inaweza kuota kuvu Diani katika masika moja tu, na hapo jina lililoandikwa juu yake halitakufaa kitu.

Wahifadhi wa nyaraka hupendekeza chumba chenye joto la nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Hewa yetu ya kawaida hupita asilimia 70, na mvua za masika zikishika, hata nguo za sandukuni huanza kunuka. Basi kisahau kipimo cha maktaba za Ulaya. Hutakifikia bila bili ya umeme inayozidi thamani ya santuri zenyewe. Unachotafuta ni hali isiyoyumba. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi ni kibaya kuliko chumba cha feni, kwa kuwa kikizimwa tu, hewa nzito ya nje huingia na kutua juu ya kila kilichopoa, santuri zikiwemo. Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke ndani ya kabati badala ya kukitundika ukutani, ukisome asubuhi na jioni mpaka uijue nyumba yako.

Chagua chumba cha katikati, kisichotazama bahari. Upepo wa kusi hubeba chumvi, na chumvi huvuta maji. Nyumba ya mabati isiyo na dari haifai kabisa msimu wa kaskazi. Makuti yana ubaridi wake, ila hudondosha vumbi na vijidudu, kwa hiyo tandika kitambaa cha pamba juu ya kabati. Kabati lenyewe mpe fundi seremala alitengeneze kwa mbao za mwarobaini, ambazo wadudu hawana hamu nazo na Pwani hazina uhaba. Zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, zinazouzwa zikiwa zimepakwa rangi nzuri, hufura kwa unyevu na kupinda. Mweleze fundi mapema kwamba LP 100 pamoja na majalada yake hukaribia kilo 25, la sivyo atakupa rafu ya daftari za shule. Kabati lisimame kwa miguu, mgongo wake uwe na matundu, na kati yake na ukuta ipite kiganja cha mkono, kwa sababu ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole kwa wiki kadhaa.

Humo ndani santuri husimama wima, zikigusana bila kubanana. Ukizirundika moja juu ya nyingine, zile za plastiki zitapinda na zile za shelaki, za kasi ya 78, zitapasuka. Vifuko vya plastiki laini yenye harufu kali viweke mbali nazo; hutoa jasho kwenye joto letu na kuacha ukungu mweupe usiotoka juu ya santuri. Nafthalini mimi sizitaki karibu na plastiki ya aina yoyote. Majani makavu ya mwarobaini yanaweza kukaa pembeni mwa kabati, lakini yasiingizwe ndani ya majalada. Na mende wanapenda gundi ya majalada ya zamani, kwa hiyo chumba hicho kisiwe cha kulia chakula.

Kila santuri mpya, hata ukiipata kwa rafiki anayesifika kwa usafi, iwekwe karantini wiki mbili nje ya kabati. Kuvu husafiri. Ukiona madoa ya kijivu au meupe, vaa barakoa, itoe nje kivulini, na uifute mahali pasipo na upepo wa kuelekea ndani. Jalada la karatasi linaweza kupigwa na hewa, ila si na jua. Santuri yenyewe jua ni mwiko: hata ukiiacha ndani ya gari lililoegeshwa nje ya duka Ukunda saa saba mchana, utairudia imejikunja pembe.

Kuosha ni kazi rahisi ukijua jambo moja: ijue kwanza santuri yako imeumbwa kwa nini. LP na santuri nyingi ndogo za kasi ya 45 ni za plastiki. Zinaoshwa kwa maji yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo isiyo na manukato, na kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mitaro, kisha zinasuuzwa kwa maji yaleyale. Maji ya bomba na ya kisima kwetu yana chokaa, nayo ikikauka hubaki ndani ya mitaro na kulia tik-tik daima. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya petroli yanafaa, mradi chupa iwe imefungwa na imeandikwa maji. Asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Lebo isiguse maji. Zikishaoshwa, zisimamishe kwenye ile rafu ya kukaushia sahani, kivulini. Santuri nzito za kasi ya 78, zilizotengenezwa kabla ya plastiki kuenea, nyingi ni za shelaki, utomvu wa wadudu. Hizo spiriti ya aina yoyote huziyeyusha. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha, kisha uikaushe mara moja.

Kwa nini nasisitiza haya kabla ya majina? Kwa sababu piano ndicho chombo kinachoumbua santuri kuliko vyote. Tarumbeta na saksafoni hutikisa sauti zenyewe, kwa hiyo santuri iliyopinda kidogo hujificha nyuma yao. Noti ya piano ikishapigwa hukaa palepale na kufifia taratibu. Tundu la katikati likiwa limetoboka pembeni hata kwa unene wa unywele, utaisikia noti ikipanda na kushuka, na kwenye ule ukimya wa mwisho kila mkwaruzo husimama peke yake. Mkusanyaji wa muziki wa bendi anaweza kuvumilia santuri iliyochoka. Wewe huwezi. Wauzaji wa ng'ambo wanapoipa santuri alama ya VG (nzuri sana), kwa piano itakukera wimbo mzima. Tafuta VG+ kwenda juu, hata kama ni toleo la baadaye na la bei ya chini.

Mashine ya kuchezea haihitaji fahari. Tahadhari yangu kubwa ni moja: mashine nyingi za zamani zilizoletwa kutoka Marekani zina mota inayofuata mapigo ya umeme wa huko, yaani 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni wa mapigo 50. Ukiweka transfoma utaponya volti tu. Santuri itazunguka pole kwa sehemu moja ya sita, na mpiga piano Art Tatum atasikika kama anapiga akiwa amesinzia. Mashine za Uingereza hazina tatizo hilo, na nyumba za Diani zimejaa hizo. Kagua mkanda wa raba, maana joto huugeuza kuwa lami. Weka kidhibiti volti kati ya mashine na ukuta. Sindano ya LP ni nyembamba mno kwa santuri za 78, ambazo mitaro yake ni mipana zaidi, kwa hiyo utahitaji sindano ya pili. Na ile gramafoni ya kuzungusha kwa mkono uliyoiona kwa babu ni pambo zuri sebuleni. Sindano yake ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja wa santuri, na ukisahau, inachimba.

Sasa majina.

Soko la dunia la santuri za piano linaongozwa na Wamarekani na Wajapani, na wanachokitafuta ni matoleo ya kwanza ya miaka ya 1950: Bud Powell na Thelonious Monk kwenye zile LP ndogo za inchi 10 za Blue Note, zenye anwani ya Lexington Avenue kwenye lebo. Ukizipata, hongera. Lakini mtu wa Kwale akiingia mbio hizo kwa shilingi atakimbia nyuma ya magari milele. Mimi nakushauri ufuate mkondo ambao sisi tuna haki nao kuliko wao: santuri za piano zilizoelekeza uso huku kwetu.

Iliyo juu ya zote kwangu ni "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, ikatolewa na Roulette mwaka uliofuata. Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru, na Kenya ilibakiza miaka mitatu. Weston alikusanya bendi kubwa, Melba Liston akaandika mpangilio, Langston Hughes akaandika maneno, na mwanzoni kabisa unamsikia Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma kwa Kiswahili. Sehemu moja inaitwa "Uhuru Kwanza", nyingine "Kucheza Blues". Utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini uliipiga marufuku mwaka 1964. Toleo la kwanza ni ghali, lakini imetolewa upya zaidi ya mara moja, na sioni aibu yoyote kuwa na toleo la baadaye. Msikilizaji wa Msambweni anayesikia Kiswahili kikifungua santuri ya New York ya mwaka 1960 anapata kitu ambacho mkusanyaji wa Tokyo, pamoja na toleo lake la kwanza, hana.

Baada ya hiyo, tafuta "Mwandishi" ya Herbie Hancock, ya Warner Bros., mwaka 1971. Humo anapiga piano ya umeme, na kila mwanamuziki wa kundi alijitwalia jina la Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa daktari, akawa Mganga. Si ya bei kubwa. McCoy Tyner ana "Asante", iliyorekodiwa 1970 na kukaa kabatini kwa Blue Note hadi 1974. Nyuma zaidi kuna LP ya Clark Terry ya mwaka 1955 kwenye EmArcy, yenye wimbo wa Quincy Jones uitwao "Swahili". Mpiga piano ni Horace Silver, na kwa sikio langu wimbo wenyewe hauna Uswahili wowote isipokuwa jina, lakini piano yake haina mfano.

Halafu shuka kusini. Abdullah Ibrahim, aliyekuwa akiitwa Dollar Brand, ndiye mpiga piano wa Afrika ambaye ningemtafutia rafu nzima. "African Piano", aliyoipiga peke yake Copenhagen mwaka 1969, ni mtihani mzuri wa mashine yako: mkono wa kushoto ukisikika wazi bila kuvuma, umepanga vitu sawa. "Mannenberg" ya 1974 ilirekodiwa Cape Town ikaenea kote. Iliyo adimu kweli ni "Jazz Epistle Verse One" ya mwaka 1960, aliyopiga pamoja na Hugh Masekela, Jonas Gwangwa na Kippie Moeketsi. Inasemekana nakala 500 tu ndizo zilizofyatuliwa. Ukiambiwa ipo Mombasa kwa bei ya kutupa, usibishane. Omba kuona lebo na namba zilizochongwa kwenye ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Namba hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha santuri. Jalada hubadilishwa kirahisi, namba hizo hazibadilishwi. Kwa Blue Note nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 60, hapo utatafuta pia alama ya RVG au jina Van Gelder, mhandisi aliyezichonga.

Usisahau kwamba nyingi utakazozikuta Diani hazimo katika orodha hii. Wageni waliojenga ufukweni miaka ya 60 na 70 walipenda muziki wa kunywea jioni, na wanapohama au kufariki, vyombo huuzwa nyumbani kwao. Humo utakuta Dave Brubeck "Time Out" ya 1959 kwa lebo ya Kiingereza ya Fontana, Oscar Peterson kwa wingi, na karibu kila mara Erroll Garner, "Concert by the Sea", iliyorekodiwa California mwaka 1955. Nzuri zote. Adimu hakuna, ziliuzwa kwa maelfu kwa maelfu. Lipa bei ya kusikiliza, usilipe bei ya hazina, na kama muuzaji ameangalia simu akaona mtu fulani Ulaya anataka dola 200, mwambie kwa upole kwamba kutaka si kuuza. Wahi mapema, uende na tochi, uitoe santuri nje ya jalada uitazame kwa mwanga wa mlalo. Mara nyingi jalada la Garner limebeba Jim Reeves ndani.

Kuna jambo ambalo mkusanyaji wa jazz hapa kwetu lazima aamue mapema. Ukiingia nyumba ya Vanga, Lunga Lunga au Majoreni ukauliza kama kuna santuri za jazz, mzee atakwambia zipo, na atakuletea Atomic Jazz au Jamhuri Jazz za Tanga, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz. Piano hutaisikia humo. Ni magitaa, saksafoni na ngoma, maana piano haipandi lori na haivumilii hewa hii bila fundi wa kuikaza kila mara. Wengine husema asante na kuondoka. Mimi nasema kaa kitako. Mpakani ni karibu, Tanga ni karibu kuliko Nairobi, na muziki huo ulivuka Horohoro bila kuuliza ruhusa hadi mpaka ulipofungwa Februari 1977. Wilson na George Peter Kinyonga, waliotoka Jamhuri Jazz, ndio waliokuja kuunda Simba Wanyika huku Kenya mwaka 1971. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo nyingi za bendi zake zilifyatuliwa Nairobi, na zilizobaki ziko majumbani mwetu, chini ya vitanda, si kwenye maduka ya ng'ambo.

Vivyo hivyo taarabu ya Mombasa. Duka la Assanand and Sons lilirekodi na kuuza santuri ndogo kwa lebo ya Mzuri, na humo ndimo walimo Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, Zein l'Abdin na Matano Juma. Kwa mpenzi wa piano hapa pana chakula: kodiani, ogani ndogo na tashkota, vyombo vya vitufe vilivyofunzwa kuifuata sauti ya Kiswahili. Sehemu ya santuri hizo imetolewa upya Ufaransa katika mfululizo wa Zanzibara, juzuu ya pili, kwa hiyo unaweza kuzisikia kwanza ukajua unatafuta nini. Na ukikutana na santuri nzito nyeusi ya His Master's Voice yenye Kiswahili kwenye lebo, huenda ni ya akina Siti binti Saad, waliorekodi Bombay kuanzia mwaka 1928. Hiyo isiguswe na sindano ya chuma hata kwa kujaribu.

Hesabu yangu ni hii: kwa kila LP ya piano unayoagiza ng'ambo, okoa santuri moja ya hapa. Weston atatolewa upya tena na tena na watu wenye uwezo. Ile ndogo ya Mzuri yenye kuvu Shimoni inaweza kuwa haina ndugu mwingine mzima.

Kuzitafuta huku kunataka adabu zaidi kuliko pesa. Usiingie kijijini na bodaboda, mfuko na bei mdomoni. Pitia kwa mtu anayejulikana, muamkie mzee shikamoo, kaa, zungumza habari za mvua na korosho, kisha uulize kama nyumbani kuliwahi kuwa na gramafoni. Swali la gramafoni huamsha kumbukumbu. Swali la santuri za kuuza huamsha tamaa au woga. Ijumaa mchana usiende, na Ramadhani subiri ipite. Baadhi ya wazee walioshika dini wameweka muziki kando na hawapendi kuonwa na santuri za dansi. Ukiona hivyo, usimfanye aone haya mbele ya wajukuu. Muulize kama kuna za kasida, na uache nafasi ya siku nyingine. Miji iliyowahi kuwa na mishahara ina nafasi nzuri: Ramisi, kwa mfano, ilikuwa na kiwanda cha sukari hadi kilipofungwa mwaka 1988, na mwenye mshahara wa mwezi ndiye aliyeweza kununua mashine.

Mwenye nyumba akifariki, subira iongezeke maradufu. Kijana atakukimbilia na sanduku la santuri za babu akitaka elfu mbili za haraka. Usizichukue. Kwa Wadigo mjomba bado ana sauti, hata pale ambapo mirathi inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na santuri uliyouziwa na mjukuu bila wakubwa kujua itakuletea baraza. Mwambie kijana: niitie mjomba wako na mama yako, tuzungumze. Toa bei mbele ya wote, andika karatasi, kila mmoja atie sahihi. Santuri yenye muhuri wa redio, shule au maktaba, uliza ilitokaje huko kabla ya kuilipia.

Kuagiza nje ni habari fupi. Mwombe muuzaji aitoe santuri ndani ya jalada na kuifunga kando, ili isipasue mishono ya jalada njiani, na aweke kadibodi ngumu pande zote mbili. Juu ya bei na nauli kuna VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine za forodha ambazo hubadilika, basi uliza kabla ya kulipa, na uagize kadhaa kwa pamoja. Kutoka Mombasa, kwenye feri ya Likoni na kwenye matatu, mfuko ukae mapajani mwako ukiwa wima. Juu ya keria hapana, karibu na injini hapana, na konda akikwambia atauweka salama nyuma, mshukuru ubaki nao.

Zingatia pia daftari. Kwa kila santuri andika namba ya lebo, namba zilizochongwa, hali yake, imetoka mji gani, na yote uliyosimuliwa: ilinunuliwa duka gani, ilichezwa harusi ya nani. Santuri za hapa hazina vitabu vya marejeo kama Blue Note. Daftari lako ndilo kitabu. Kisha ziingize kwenye kompyuta kwa faili kubwa lisilobanwa, upande mzima bila kukata, pamoja na mikwaruzo yake, kwa sababu programu za kusafisha zinazidi kuwa bora kila mwaka na faili ulilokwisha kulipangusa halirudi. Weka nakala mbili, moja nje ya nyumba yako. RISSEA, kituo cha utafiti wa Waswahili kilicho chini ya Makavazi ya Kitaifa mjini Mombasa, ni mahali pa kubisha hodi ukiwa na kitu cha maana cha zamani.

Kama familia haitaki kuuza, usikate tamaa na usipandishe bei. Omba kuazima kwa wiki moja. Ioshe, inakili, itengenezee mfuko mpya wa karatasi safi, na uirudishe siku uliyoahidi, pamoja na nyimbo zote kwenye flashi, kwa maana mashine ya santuri nyumba nyingi hazina tena, lakini redio ya kuchomeka flashi haikosekani.